Kiyoyozi kilichozibwa na wadudu wa ziwani

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), Capri Point jijini Mwanza, mashine ya nje ikitazama Ziwa Victoria: kilipoza dakika 20 tu, kisha kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikajizima. Ushauri wa kwanza ulikuwa kuongeza gesi. Niliukataa. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ipo inakovujia, na hapa dalili za kuvuja hazikuwepo: nati hazikuwa na mafuta wala mabomba barafu.

Shida ilikuwa nyuma ya mashine ya nje. Wale wadudu wanaopanda toka ziwani kama moshi walinaswa kati ya mabati membamba ya alumini, wakakaukiana na vumbi hadi koili, yaani mabomba na mabati yanayotoa joto nje, ikafanana na blanketi la kijivu. Joto likakosa pa kutokea.

Nilizima swichi kuu, nikasubiri dakika 10 kapasita, kifaa kinachotunza umeme, iishiwe chaji, nikafungua kifuniko na kufunika nyaya kwa nailoni. Brashi laini, juu kwenda chini. Ukipitisha kwa upana mabati yanalala. Kisha maji ya sabuni ya vyombo, yakimiminwa kutoka ndani kwenda nje, bila presha. Ukimwagia kwa nje unausukuma uchafu ndani zaidi.

Baada ya kukauka, hewa ya chumbani ilitoka kwenye kiyoyozi ikiwa baridi kwa nyuzi 10 kuliko iliyoingia. Sasa naisafisha kila wingu la wadudu likipita.