Mashine inayohesabu na kitabu isichokiona

Wiki hii nimejaza fomu ya kuomba kupanda daraja, na sehemu iliyonila muda ni ile ya machapisho. Wanataka jina la makala, jarida, idadi ya waandishi, nafasi yako kati yao, kisha makala imerejelewa mara ngapi. Chini kabisa kuna kisanduku cha kipimo cha h.

Kipimo hicho alikibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, mwaka 2005. Ukiwa na makala 8, na kila moja imerejelewa angalau mara 8, basi h yako ni 8. Ya tisa ikirejelewa mara mbili tu, haikuongezei kitu, hata kama ndiyo iliyokutembeza shule kwa shule miaka mitatu.

Hesabu yenyewe naiheshimu. Kumtaja uliyejifunza kwake ni adabu ya kazi hii, na Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya marejeleo kule Philadelphia miaka ya 1960 alitaka kumrahisishia msomaji kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Mimi naitumia hivyo mpaka leo, na imenikutanisha na watafiti wa Ghana na Afrika Kusini ambao nisingewajua kamwe. Kinachoniuma ni kwamba chombo cha kutafutia maarifa sasa kinaamua nani apande na nani abaki, kwenye taaluma yetu ya elimu ambayo kazi zake nzito hakizioni.

Nina mfano mmoja unaonirudia kila nikikaa na fomu hizi. Mwaka 1978 Baraza la Kiswahili la Taifa lilichapisha utafiti wa Penina Mlama na May Matteru, *Haja ya Kutumia Kiswahili Kufundishia Katika Elimu ya Juu*. Hawa walikwenda kwenye madarasa ya sekondari na kusikiliza. Walikuta mwalimu akifundisha kwa Kiingereza kitupu wanafunzi wengi hawaelewi, na akichanganya Kiswahili darasa linachangamka. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wakaja watafiti Criper na Dodd kutoka Uingereza, wakapima Kiingereza cha wanafunzi, wakaandika kwamba kama asilimia 10 tu ya wa Kidato cha Nne ndio waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Hata hivyo wakashauri Kiingereza kiendelee na kiongezewe nguvu.

Mtu wa nje akitaka kuandika kuhusu lugha ya kufundishia Tanzania, anaipata ripoti ya Criper na Dodd kwa urahisi kwa sababu iko kwa Kiingereza. Kile cha Mlama na Matteru anakipata kupitia mtu aliyekisoma. Kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kabla ya zama za kompyuta, mashine ya kuhesabu marejeleo inakijua kwa kuokoteza kwenye orodha za marejeleo za watu wengine, na mmoja akikosea tahajia ya Kiswahili, kitabu kimoja kinahesabiwa kama viwili. Yote waliyoyafuatilia baadaye kina Martha Qorro na wenzake wa LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia ulioanza 2002 kwa ushirikiano na Afrika Kusini na Norwe, yalikuwa na msingi ule chini yake.

Nikitaka kujipa moyo namfikiria Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili. Aliandika kwa Kireno akiwa uhamishoni Chile. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1970, na mwaka 2016 mtafiti Elliott Green alipopanga vitabu vya sayansi ya jamii kwa kurejelewa kwenye Google Scholar, *Pedagogy of the Oppressed* kikawa cha tatu. Wazo lilikuwa lilelile tangu kwenye Kireno. Lilipopata mlango wa Kiingereza ndipo dunia ilipoanza kulihesabu. Cha Mlama na Matteru hakijapata mlango huo, na ninaamini kingeupata kingesomwa mbali sana.

Jana usiku nilifungua makala moja iliyoirejelea yetu, nikitaka kuona tulisaidia nini. Tumo ndani ya mabano, pamoja na wenzetu watano, nyuma ya sentensi isemayo kwamba wanafunzi wengi Afrika hupata shida ya lugha. Basi. Hakuna darasa, hakuna somo, hakuna tulichokipata. Kwenye fomu, hiyo ni alama moja kamili.

Na mwezi uliopita nilikuwa Korogwe, mwalimu wa Baiolojia akanitolea daftari lake la maandalio. Alikuwa amenakili jedwali letu la aina za maswali ya mwalimu, akalibandika kwenye jalada la ndani kwa selotepu. Kila akimaliza kipindi anaweka alama ya penseli pembeni: maswali ya "ndiyo" na "hapana" mangapi, yanayomtaka mtoto aeleze mangapi. Muhula ulipoanza, safu ya kwanza ilikuwa imejaa. Kufikia wiki tuliyoonana, alama zilikuwa zimehamia ya pili. Nilimuuliza alilipata wapi jedwali. Akasema, "Mratibu elimu kata alikuja na ile ripoti yenu ya Kiswahili, Mwalimu, tukaipiga picha kwa simu." Ripoti ile haina pa kuandikwa kwenye fomu yangu, kwa sababu haikutoka kwenye jarida.

Nimeibandika kama kiambatisho, na nimemwandikia mwenyekiti wa kamati barua ya ukurasa mmoja kueleza kwa nini inastahili kusomwa. Pia nimekubaliana na wenzangu kwamba utafiti wa mwaka huu utoke kwa lugha zote mbili, na toleo la Kiswahili lipewe namba yake ya kudumu ya utambulisho, kama chapisho linalojitegemea, lenye muhtasari wa Kiingereza ili mashine ilione. Mmoja wetu anasema ni kazi mara mbili kwa alama zilezile. Ni kweli. Rasimu ya Kiswahili naianza Jumatatu, na jedwali la maswali litakaa ukurasa wa tatu, lenyewe peke yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye picha ya simu.