Kisima cha baba hakikuwa baharini

Watu watatu waliniambia ramani ya baba niitupe. Mmoja wao, ambaye kazi yake ni kupima viwanja, hata hakuikunjua. Alisema ramani za zamani za Kiwayu, kisiwa cha Lamu, zilichorwa kwa kukisia. Liliniuma hilo. Baba amevua huko tangu ujana wake, na karatasi hiyo, ya kabla ya 1979 maana hifadhi ya bahari ya Kiunga haimo, ameitunza sandukuni hapa Kibokoni, Mombasa, na alama ya penseli penye kisima cha dago lao, yaani kambi yao ya uvuvi.

Binamu yangu aliyeko Kiwayu alikwenda hadi kisimani, akanitumia majira ya nukta, yaani namba za kuonyesha mahali kilipo kwenye ramani, kutoka kwenye simu yake. Nikapima kwa rula. Kisima kikaangukia baharini. Baba akaitazama ile nukta, akanyamaza. Usiku huo nilirudia mara nne, nikabadilisha rula, nikashuku karatasi imevimba kwa unyevu wa Mombasa.

Asubuhi nikamwomba binamu anipe sehemu mbili zaidi: msikiti na ncha ya kusini ya kisiwa. Zote tatu zilikuwa zimehama upande mmoja na kwa kiasi kimoja, milimita 6 kusini na 2 mashariki. Anayekisia hakosei sawasawa mara tatu! Na kwenye ramani ya 1:50,000 kama hii, milimita 6 ni mita 300.

Jibu lilikuwa pembezoni, kwa herufi ndogo, penye mkunjo uliochakaa: Arc 1960. Huo ndio msingi wa vipimo wa ramani zetu za Afrika Mashariki, na simu hutumia msingi mwingine, WGS84, wa dunia nzima. Kwa hiyo namba zilezile huonyesha mahali pawili tofauti. Nikatafuta programu ya simu inayokubali kubadilishwa msingi huo (nyingi hazikubali, bando la kama shilingi mia mbili likaishia hapo), nikachagua Arc 1960, kanda ya 37 Kusini, ambayo ndiyo kanda ya ramani yenye Kiwayu. Ukiwa na ramani ya aina hii, soma pembezoni kwanza, na usikubali ipigwe laminesheni. Mikunjo ikishabanwa humo, haitoki.

Nikapima upya mbele ya baba. Ncha ya penseli yangu ikatua juu ya alama yake.

"Muulize," akasema, "maji yake bado matamu?"

Nikampa simu aulize mwenyewe.