Bruda wa Mlangoni: Tafakari Juu ya Mtakatifu Alfonsi Rodriguez

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Zaburi ya 84 ina mstari tunaouimba bila kuutilia maanani: "Ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu, kuliko kukaa katika hema za uovu." Tukiambiwa tujitolee parokiani, macho yetu huenda kwenye usomaji wa masomo, uongozi wa kwaya, uenyekiti wa halmashauri. Ubawabu hakuna anayeugombea. Juma hili nawaletea mtu aliyeuishi mstari huo neno kwa neno.

Alfonsi Rodriguez alizaliwa Segovia, Hispania, katika karne ya 16, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Padre Petro Faber, mmoja wa wenzake wa kwanza wa Mt. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la kitawa la Wajesuiti, aliwahi kufikia nyumbani kwao, akamwandaa kijana kwa Komunyo ya Kwanza. Baba alipofariki ikabidi aache masomo, arudi kushika biashara. Akaoa, akapata watoto. Kisha mambo yakaharibika yote kwa pamoja: biashara ikadorora, mke akafariki, watoto wakazikwa mmoja baada ya mwingine.

Hapa wahubiri wengi hukimbilia kusema kwamba Mungu alimpokonya vyote ili ampate mzima. Mimi siwezi kuyasema hayo mbele ya mzazi aliyezika mwanae, wala sioni kwamba imani inatulazimisha. Tunachojua ni kwamba mjane huyu alianza kusali saa nyingi, akafanya toba, na hatimaye akaenda kubisha hodi kwa Wajesuiti.

Wakamkatalia. Elimu yake ilikuwa ndogo, afya mbovu, na umri ulikuwa umekwenda. Hakununa. Alikwenda Valencia kujifunza Kilatini, mtu mzima akakaa darasani pamoja na wavulana wadogo. Alipoomba tena, washauri bado walisita, lakini mkuu wa kanda akampokea tarehe 31 Januari 1571 kuwa bruda, yaani mtawa asiye padre. Inasimuliwa kwamba mkuu huyo alisema: kama hafai kuwa padre wala bruda, basi aingie awe mtakatifu. Mwaka huohuo akatumwa chuo cha Montesión, mjini Palma, katika kisiwa cha Mallorca. Humo aliishi hadi kufa kwake, 31 Oktoba 1617, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa mlango.

Kazi ya bawabu wa chuo si ya kusisimua. Kengele inalia, unafungua. Mgeni anamtaka padre fulani, unapanda ngazi kumtafuta. Mwanafunzi ana barua, unaipeleka. Maskini anataka mkate, mwenye huzuni anataka mtu wa kumsikiliza. Hujakaa, inalia tena. Alfonsi alikuwa mtu wa rozari na sala ndefu, na kila kengele ilimkuta katikati ya Salamu Maria. Alijizoeza kuitikia akiwa njiani kuelekea mlangoni, kana kwamba Bwana mwenyewe ndiye anayebisha: "Naja, Bwana!"

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayonigusa kuliko zote. Wengi wetu tunailinda sala dhidi ya watu. Simu ikiita wakati wa rozari tunaguna, mtoto akilia kwenye Misa tunageuka na jicho kali. Mtu aliyefiwa anafika ofisi ya parokia saa sita mchana kuulizia taratibu za mazishi, anakuta katibu anafungasha, anajibiwa "njoo kesho" pasipo hata kutazamwa usoni. Alfonsi hakuwa na ukuta kati ya kusali na kufungua. Mathayo 25 alikuwa akiisoma kwa miguu: nalikuwa mgeni, mkanikaribisha.

Tusidhani ilikuwa rahisi. Moyoni alipitia ukavu mkubwa, vishawishi vilivyomsumbua miaka, na hofu ya kupita kiasi juu ya dhambi zake. Tunayajua haya kwa sababu wakubwa wake walimwamuru ayaandike, naye kuanzia 1604 akaandika kwa utii. Ndani alikuwa vitani, na watu walioletwa na kengele walikuta uso wa mtu anayewangoja.

Mwaka 1605 alifika chuoni kijana Mkatalani, Petro Claver, kusoma falsafa. Alikuwa msomi, na mbele yake palikuwa na njia ya upadre, lakini ushauri aliutafuta kwa mzee wa mlangoni. Alfonsi alimhimiza aende ng'ambo, Amerika. Claver alifika Cartagena, katika Kolombia ya leo, mwaka 1610, akawa akizikimbilia meli za watumwa zikitia nanga, akiwa na chakula na dawa kwa ajili ya Waafrika waliofungwa ndani. Wakalimani aliokwenda nao walikuwa Waafrika waliomilikiwa na chuo chenyewe cha Wajesuiti. Doa hilo tusilifiche tunapomsifu. Alipoweka nadhiri zake za mwisho, mwaka 1622, alitia saini kama mtumwa wa Waafrika daima. Daftari la mafundisho ya kiroho alilopewa na Alfonsi alilitunza maisha yake yote.

Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili watakatifu siku moja, 15 Januari 1888. Claver anafahamika sana kwetu; Nairobi kuna parokia yenye jina lake, Racecourse Road. Bawabu wake hana bahati hiyo. Hata kwenye kalenda nyingi tunazobandika ukutani utamtafuta usimwone, maana sikukuu yake, mwisho wa Oktoba, huadhimishwa hasa na Wajesuiti.

Jumuiya zitakazokutana juma hili zinaweza kusoma Zaburi 84 yote, pamoja na Mathayo 25:31-46. Kwenye maombi tuwataje kwa majina walinzi wa geti na makatibu wa ofisi za parokia zetu. Kama jina la mlinzi wenu hulijui, muulize Jumapili hii kabla ya Misa.