Chokaa kwenye moyo wa mama

Mama alilazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Tanga kwa kidonda cha kisukari mguuni kilichopeleka bakteria kwenye damu. Presha ikashuka, figo zikagoma, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ameshaanza kupata nafuu, CT scan ya kifua, iliyopigwa kutafuta nimonia, ikaonyesha jambo jingine kabisa: msuli wa moyo upande wa kushoto umejaa kalsiamu.

Pale mtaani kwetu Ngamiani kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani mmoja alilaumu maji ya kisima, na kweli birika zetu huota ukoko mweupe. Mimi nikamwomba daktari anionyeshe picha. Ya siku aliyolazwa, ukuta wa moyo ulikuwa wa kijivu. Kwenye mpya uling'aa sawa na mbavu. Zote mbili zilipigwa bila kuchomwa ile dawa ya picha, akasisitiza, kwa sababu dawa hiyo nayo huweza kuung'arisha msuli wa moyo ikampotosha msomaji. Nikaachana na kisima. Maji tuliyoyanywa miaka yote hayawezi kufanya hivyo kwa wiki chache.

Seli za moyo zikiumizwa na maambukizi na presha ya chini, alisema, hushindwa kuizuia kalsiamu. Inaingia na kuganda humo. Figo nazo zikifeli, fosforasi, madini yanayotoka kwenye chakula, hujaa kwenye damu, ikakutana na kalsiamu na kutuama kwenye nyama za mwili. Kwa mama alishuku yote mawili. Haikuwa mshipa ulioziba, kwa hiyo hakukuwa na cha kuzibua, wala hakuwa na dawa ya kuiyeyusha. Kilichobaki ni kumaliza maambukizi, kutokosa kusafisha damu, na kushusha fosforasi.

Hiyo fosforasi ikaniangukia mimi ninayepika, maana mashine peke yake haiimalizi. Dagaa, wanaoliwa na mifupa yao, wakatoka jikoni. Soda nyeusi pia, na maziwa yakapungua. Kidonge cha kunasa fosforasi hufanya kazi kikikutana na chakula tumboni, basi nikawa nakiweka kwenye sahani, kando ya wali.

Kazi ngumu ilikuwa wageni. Shangazi alikuja na vidonge vya kalsiamu na vitamini D. "Mifupa ya mama yako imekwisha, mwanangu."

"Ahsante, shangazi. Ngoja nimuulize daktari kwanza."

Daktari alikataa: kalsiamu ya mama ilishakuwa juu. Madafu sikuhitaji kuyaulizia. Yana potasiamu nyingi, na kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi, potasiamu inaweza kuusimamisha moyo. Niliyapokea kwa heshima zote, yakanywewa na watoto uani.

Eko, yaani ultrasound ya moyo, ya karibuni inaonyesha moyo unasukuma vizuri kuliko alipotoka ICU, ingawa ule weupe haujaondoka. Kila kliniki naulizia namba ya fosforasi kwanza, mengine baadaye.