Moto wa makaa

Wapendwa, kuna ombi ambalo nimelisikia kwa wengi, nami nimewahi kuliomba kwa machozi: "Bwana, nifutie kumbukumbu hii." Tunaomba kana kwamba akili ni kompyuta: faili bovu limo ndani, lifutwe, nafasi ibaki wazi.

Mfano huo una ukweli wake. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipouliza mwaka 1950 kama mashine zinaweza kufikiri, aliuliza swali la haki, na mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Katika kupiga hesabu na kufuata kanuni, imetuacha mbali.

Lakini kumbukumbu! Faili ulilohifadhi mwaka juzi, ukilifungua leo utalikuta herufi kwa herufi. Sisi hatuko hivyo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alieleza jinsi watu waliosoma hadithi ngeni walivyoisimulia baadaye: waliifupisha, wakaigeuza ifanane na mambo waliyoyazoea. Kukumbuka ni kujenga upya, na anayejenga ni mtu wa leo, pamoja na hofu na matumaini yake ya leo.

Sasa mtazame Petro. Katika Yohana 18 anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na usiku huo huo anamkana Bwana mara tatu. Jogoo akawika. Luka anasema Petro alilikumbuka neno la Bwana, akatoka nje, akalia kwa majonzi. Kompyuta ingelitunza neno lile bila kupoteza hata nukta, na isingelia.

Yesu hakumfutia. Wewe uliyeomba kufutiwa na bado unakumbuka, soma polepole Yohana sura ya 21. Wanafunzi wanashuka pwani, na wanakuta nini? Moto wa makaa. Katika Agano Jipya lote, neno hilo la Kigiriki limetumika mara hizo mbili tu, na siamini kwamba Yohana aliliandika bila kukusudia. Harufu ni ile ile. Na maswali ya Yesu kwa Petro ni matatu: wanipenda? La tatu lilimhuzunisha Petro, Yohana hafichi. Lakini tangu asubuhi ile, kila aliposikia harufu ya makaa, Petro alikuwa na mioto miwili ya kukumbuka.