Kituo Kabla ya Mshororo wa Mwisho

Usiku huu nimesikiliza kanda mbili za marehemu bibi akiimba ule wimbo wa kubembeleza mtoto ambao kwa miaka mingi nimeuimba vile vile alivyonifundisha, bila kuthubutu kugusa hata silabi moja. Katika kanda ya kwanza ananyamaza kitambo kabla ya mshororo wa mwisho, na kituo hicho ndicho nilichokilinda kuliko kitu kingine chochote. Katika kanda ya pili, iliyorekodiwa miaka kadhaa baadaye, kituo hakipo, beti zimebadilishana nafasi, na mahadhi yanapanda pale ambapo mimi huyashusha.

Nilifadhaika, kwa maana nimewahi kuwakemea waimbaji wenzangu kwa makosa madogo kuliko hayo.

Nikamkumbuka Percy Grainger, mtunzi wa muziki mzaliwa wa Australia, ambaye mwaka 1906 alianza kunasa kwa fonografu, mashine ya kale ya kurekodi sauti, nyimbo za watu wa vijijini Uingereza, akabaini kwamba mwimbaji yule yule hubadilisha mahadhi kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, na kwamba mabadiliko hayo ni ufundi unaostahili kuandikwa wote, wala si kasoro ya kusahihishwa. Mwaka 1954 Baraza la Kimataifa la Muziki wa Jadi nalo lilitaja mambo matatu yanayoujenga muziki huo: mwendelezo, mabadiliko na uteuzi wa jamii yenyewe. Niliyajua hayo yote kwa kuyasoma, lakini sikuwahi kuyahusisha na bibi yangu.

Niliporudia kanda ya kwanza nilisikia, kwa mbali, mtoto akiguna. Bibi alinyamaza ili asikilize kama amelala. Katika kanda ya pili hakuna mtoto, basi hakuwa na sababu ya kungoja.

Sijutii miaka niliyoiga kila pumzi yake, kwani bila uigaji huo nisingeweza hata kuzitambua tofauti hizi. Lakini wenzangu wanaotaka kuuimba wimbo kwa sauti tatu na ngoma isiyokatika niliwakatalia kwa sababu isiyo sahihi, nikidai kwamba haukuimbwa hivyo. Kesho nitazikubali hizo sauti tatu. Ngoma nitaomba inyamaze kabla ya mshororo wa mwisho, kwa muda ambao mwimbaji atauamua mwenyewe papo hapo, kwa kuwa wimbo wa kubembeleza usiompa mwimbaji nafasi ya kumsikiliza mtoto umepoteza kazi yake.