Miaka Saba ya Kulima kwa Simu

Kuna jina tunalowatania nalo watu wanaolima bila kutia mguu shambani: wakulima wa simu. Nimekuwa mmoja wao miaka saba, tena simu yangu ilikuwa inapigwa kutoka Doha.

Nilirudi kwetu Mwingi, Ukambani, Novemba 2022, mkataba ulipoisha siku chache kabla ya Kombe la Dunia kuanza. Matatu ilipopita Matuu nilifungua dirisha, nikitafuta harufu ya udongo ulioloa. Sisi Wakamba masika hatuyatilii maanani sana. Mvua yetu ya kuaminika ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Novemba mashamba hutakiwa yawe kijani. Kilichoingia dirishani ni vumbi, hadi kondakta akaniambia, "Boss, funga hiyo kitu."

Mwaitu, yaani mama yangu, alinipokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mtungi. Siku hizo mtungi wa lita ishirini ulikuwa unauzwa shilingi 50 ukiletwa na bodaboda, na yeye hakuwa tayari kuuacha chini hata kwa ajili ya mwana aliyepotea miaka saba.

Habari za ukame nilikuwa nazo zote. Vuli ya 2020 ilikwenda patupu, masika na vuli za 2021 zikafuata, kisha masika ya 2022, na sasa hii niliyoikuta ikawa ya tano. Serikali ilitangaza janga la kitaifa Septemba 2021. Nilisoma pia juu ya La Niña, jinsi maji ya bahari ya Pasifiki yanavyopoa na vuli yetu huku ikakauka, na kwamba safari hii imeng'ang'ania miaka mitatu. Nilichokuwa sijui ni sauti ya ukame. Alfajiri hapa zamani ilikuwa na kelele. Sasa unasikia punda wanaoelekea mtoni saa tisa za usiku, wanaowahi foleni, basi.

Nilipokuwa nikiweka masanduku ghalani nikakuta pakiti za mbegu za mahindi, nyingine hazijafunguliwa. Ni zile zile nilizokuwa nikituma pesa zinunuliwe kila msimu, mahindi ya gunzi kubwa niliyoyasoma mtandaoni. Nilikuwa nikipiga simu: mmepanda? Nikijibiwa: tumepanda. Kumbe kilichopandwa ni ndengu, kunde na mawele, vitu ambavyo huweza kukupa chochote hata mvua ikinyesha wiki chache na kukata.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza Mwaitu.

"Ulikuwa unauliza mahindi tu. Hukuwahi kuuliza mvua."

Sikuwa na jibu. Hata sokoni nilikuta watu wanabishana mahindi hayo hayo, maana Oktoba serikali ilikuwa imeondoa marufuku ya vyakula vya GMO, vile vilivyobadilishwa vinasaba, kwa sababu ya njaa. Mzee mmoja alicheka sana. Alitaka kujua kama mbegu hiyo mpya huota pasipo maji.

Kosa langu la pili ni kubwa zaidi, na wenzangu wa ng'ambo tunalibeba pamoja. Tulichanga pesa kuchimbiwa kisima kirefu. Mkandarasi alikuja, akatoboa, picha zikatumwa, tukapongezana kwenye kikundi. Maji yakatoka ya chumvi, mbuzi wenyewe wanayanusa na kugeuka. Eneo hili chumvi chini ya ardhi si habari mpya. Mtu yeyote wa hapa angetuambia tupime kwanza, lakini wa hapa hatukumwuliza. Pampu inashika kutu.

Jioni moja mjomba alinihesabia njaa. Kwetu kila njaa kubwa hupewa jina. Ya 1961 ni Yua ya Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege. Ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika: pesa mkononi unazo, cha kununua hakuna. Aliponitajia hiyo alinitazama kidogo zaidi ya kawaida.

Maji matamu bado yapo, na yako pale pale yalipokuwa babu zetu wakiyachota: ndani ya mchanga wa mto. Mto wetu Tyaa ukikauka juu, chini mchanga huwa umeyaficha jua lisiyafikie. Ukijengwa ukuta wa zege kukatiza mto, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na kila chembe ya mchanga huo ni ghala. Ndiyo maana lori la mchanga likipita kwenda kwenye majengo ya mjini akina mama hulitazama kama linaloiba kisima. Wenzetu wa kaunti ya Makueni walitunga sheria ya kulinda mchanga tangu 2015, nami huko Doha nilikuwa nikishangaa mtu atungie sheria mchanga.

Sasa ni Januari 2023 na nimeingizwa kwenye mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Kikundi huzunguka shamba kwa shamba kikichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu wa mteremko, mvua ikija isikimbie na shamba lako. Ardhi ni ngumu kama sakafu. Siku ya kwanza nilitoa malengelenge kumi na moja, wamama wakaniambia niende nikapige simu.

Alhamisi ni zamu ya shamba letu. Mwaitu ameshachagua ndengu za kupanda Machi, ameziweka kwenye kibuyu juu ya dari. Zile pakiti za mahindi ameziondoa ghalani, na hataki kusema kazipeleka wapi.